Fahamu: Je, dawa za sonona huchochea ukatili?

Septemba 1989, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapishaji mjini Louisville, Marekani, aliwaua wenzake wanane kwa bunduki, kisha akajiua. Alikuwa akitumia Prozac, dawa ya sonona. Familia za waathirika ziliishtaki kampuni inayoitengeneza, Eli Lilly, na mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwa upande wa kampuni hiyo. Swali halikuishia hapo.

Utafiti wa Sweden wa mwaka 2015 uliangalia watu zaidi ya 850,000 walioandikiwa dawa za kundi la Prozac, ukilinganisha kila mtu na nafsi yake: alipokuwa kwenye dawa na alipokuwa hatumii. Kwa wenye miaka 15 hadi 24, hukumu za makosa ya ukatili ziliongezeka wakati wa dawa. Kwa watu wazima zaidi, uhusiano haukuonekana wazi. Hata kwa vijana, huenda chanzo ni ugonjwa wenyewe, au pombe. Kumwogopa kila anayemeza vidonge hivi ni kumwonea.

Cha kuangalia ni wiki za mwanzo na dozi inapobadilishwa: mgonjwa hatulii kitini, anazungukazunguka chumbani usiku kucha, anafoka kwa jambo dogo. Daktari aambiwe siku hiyohiyo. Wala asiache dawa ghafla, maana hilo nalo huleta hasira na wasiwasi.