Bustani Ndogo Katika Karai Kuukuu

Watu wengi hupenda kuona kitu kibichi dirishani au barazani, lakini hudhani kwamba mapambo ya namna hiyo ni ya wenye fedha. Kando ya barabara nyingi za Nairobi na miji mingine, wauza miche huweka vyungu vyenye mimea ya majani manene iliyopangwa kwa ustadi, na mpita njia hulipia chungu, mimea, na kazi ya mikono. Vitu hivyo vyote vitatu mtu aweza kuvipata kwake bila gharama kubwa. Kinachotakiwa zaidi ni kujua kwa nini mimea hiyo hufa, maana inapofia nyumbani, mara nyingi sababu si kiu bali ni maji mengi.

Mimea tunayoisema hapa ni ile ya nchi kame, ambayo majani yake au shina lake ni ghala ya maji. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na wakati huo huo jua hunyonya maji mengi kupitia vitundu hivyo. Mingi ya mimea hii ya majani manene hufanya kinyume. Hufunga vitundu wakati wa jua kali, ikavifungua usiku kukiwa na baridi, na ile hewa iliyovutwa huwekwa akiba mpaka asubuhi. Kwa sababu hiyo yaweza kukaa majuma mengi bila tone la mvua. Lakini mizizi yake yataka hewa. Ikikaa katika tope hukosa pumzi na kuoza, na kuoza huko hupanda mpaka shinani. Mwenye mmea huona majani yamelegea, akadhani ni kiu, akaongeza maji, na hivyo akaumaliza kabisa.

Katika Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kutafuta mbali. Mshubiri, ambao utomvu wake umetupa msemo wa kitu kuwa chungu kama shubiri, una aina nyingi katika Kenya, na nyingine hutoa maua mekundu yapendezayo sana. Mkonge mwitu, wenye majani yaliyosimama kama mikuki, hustahimili kivuli na kusahauliwa kuliko mimea mingi ya nyumbani. Wamasai huuita oldupai, na kutoka kwa jina hilo ndipo lile bonde mashuhuri la Olduvai huko Tanzania lilipopata jina lake. Upo pia mmea ulioletwa kutoka Madagaska, ambao huota vitoto vidogo katika kingo za majani yake; jani moja likianguka juu ya udongo, baada ya muda utakuta miche kadha wa kadha.

Hata hivyo haifai kuchukua jembe na kwenda kung'oa porini. Mishubiri ya Kenya ilivunwa ovyo kwa ajili ya utomvu wake, hata mwaka 1986 Rais akatoa amri ya kukataza uvunaji wa ile ya mwituni kwa biashara. Na mwaka 2007 zilitungwa kanuni za kusimamia kazi hiyo. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini nao unailinda mishubiri yote isipokuwa ule mmoja wa kawaida unaopandwa duniani kote. Njia iliyo halali, tena iliyo rahisi kuliko zote, ni kumwendea jirani mwenye mmea na kumwomba chipukizi. Mshubiri mkubwa huzaa vitoto kando ya shina lake, na kuviondoa hakumdhuru mama yao.

Ukipata chipukizi au tawi, usilipande siku hiyo. Liweke kivulini, mahali pakavu, kwa siku tatu hadi saba, mpaka kidonda cha mkato kikauke na kufanya ngozi. Jambo hili watu wengi huliona kuwa uzembe, lakini ndilo linalozuia uozo usiingie. Jani la mkonge mwitu laweza kukatwa vipande vya urefu wa kidole, na kila kipande kikachipua, mradi upande uliokuwa chini upandwe chini. Ile aina ya mjini yenye ukingo wa manjano ina shauri lake peke yake: ukipanda kipande cha jani, watoto watazaliwa bila ule ukingo. Ukitaka wafanane na mama yao, gawanya shina lililo chini ya ardhi.

Sasa chombo. Karai lililotoboka, sufuria isiyofaa tena kupikia, kopo la mafuta, au chungu kilichovunjika ukingo, vyote vyafaa. Chombo kipana kisicho na kina kirefu ndicho bora, kwa kuwa mizizi ya mimea hii haiendi chini sana, na udongo mchache hukauka upesi. Hapana budi kiwe na matundu chini. Toboa kwa msumari mnene na nyundo, ukipiga kutoka ndani kwenda nje. Ukipiga kutoka nje, kingo za tundu huinuka ndani na kuzuia maji kidogo chini, na hayo kidogo yatosha kuleta madhara. Funika matundu kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usimwagike. Wengine hujaza kokoto chini ya chombo kisicho na tundu, wakiamini kwamba maji yatakaa humo bila kudhuru mizizi. Hiyo ni imani tu. Maji yasiyo na njia ya kutoka hubaki, na udongo ulio juu ya kokoto hukaa na unyevu vile vile.

Udongo nao una shauri. Ule mweusi wa mfinyanzi, kama wa mbuga za Athi, hushika maji kama sifongo na haufai hata kidogo. Chukua mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu mbili, udongo mwekundu au wa bustani sehemu moja, na samadi iliyooza vizuri konzi moja au mbili tu. Vigae vya matofali vilivyopondwa vyaweza kushika mahali pa nusu ya mchanga. Wakaao pwani wasitumie mchanga wa bahari, kwa sababu ya chumvi. Ukichanganya na kuminya konzi ya udongo huo ulioloweshwa kidogo, ukifungua mkono wapaswa kumomonyoka. Ukibaki bonge, ongeza mchanga.

Katika kupanga, kila mtu ana jicho lake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mimea mitatu katika karai hupendeza kuliko minane. Weka ulio mrefu, kama mkonge mwitu, upande wa nyuma; mshubiri mdogo katikati; na mbele ule wa kutambaa wenye vijani kama punje, uanguke juu ya ukingo. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yao. Kisha tandaza kokoto safi juu ya udongo, au vigae vya chungu, au mawe madogo ya rangi moja yaliyookotwa na watoto. Kokoto hizo za juu, tofauti na zile za chini, zina kazi: huyaepusha majani ya chini na udongo wenye unyevu. Usichanganye mimea hii na maua yapendayo maji, kwani moja lazima lidhulumiwe.

Baada ya kupanda ngoja kama juma moja ndipo umwagie maji. Tangu hapo usihesabu siku; ingiza kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Ikiwa kuna unyevu, ondoka. Ikiwa ni pakavu, mwaga maji mpaka yatoke chini, kisha acha. Jani lililonywea na kukunjamana ndilo lenye kiu. Jani laini, la manjano, lililo kama limechemshwa, limezidiwa na maji. Katika nyanda za juu, kutoka Juni hadi Agosti, punguza sana. Wakati wa masika weka karai chini ya ukingo wa paa, lakini mwanga ulifikie, maana gizani mimea hurefuka na kupinda shingo kama inayotafuta mtu.

Kisahani cha chini kisikae na maji, kwa kuwa mbu huzaa humo. Wakazi wa Mombasa waliopatwa na homa ya dengi mwaka 2013 hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Kadhalika, nyumba yenye watoto wadogo isiweke mnyaa wala mmea mwingine wa jamii yake wenye maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia machoni huunguza na yaweza kupofusha kwa muda. Yakiingia, osha kwa maji mengi safi mara moja na kwenda hospitali bila kungoja kesho.

Mpungate ni mzuri kuutazama, lakini asili yake ni Amerika, na kipande chochote kikianguka chini huota. Huko Laikipia aina zake zimefunika malisho, na miiba yake midogo hujeruhi midomo na matumbo ya mifugo. Mwenye nao asitupe vipande jalalani wala mtoni. Na asiyekuwa nao ana mishubiri ya kutosha kujaza karai lake.