Homa, Malaria na Degedege: Mipaka ya Majina na Athari Zake katika Tiba ya Mtoto

Makala haya yanahusu majina matatu yanayotumika pwani ya Tanzania, yaani homa, malaria na degedege, na namna mipaka iliyopo baina yake inavyoamua mtoto mgonjwa apelekwe wapi kwanza. Hoja inayotetewa ni kwamba elimu ya afya ilipoieleza malaria kwa dalili za homa ya kawaida, iliiacha nje degedege, ambayo mara nyingi ndiyo sura ya hatari zaidi ya ugonjwa huohuo.

Kitabibu, malaria husababishwa na vimelea vya Plasmodium vinavyoenezwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi. Vimelea hukua kwanza katika ini, kisha huvamia chembe nyekundu za damu. Aina inayotawala Afrika Mashariki, Plasmodium falciparum, ina tabia ya pekee: chembe zilizovamiwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Inapotokea hivyo ubongoni, damu hushindwa kupita vizuri, na mtoto, ambaye pengine sukari ya damu yake nayo imeshuka, hukakamaa, hutupatupa viungo na hatimaye hupoteza fahamu. Daktari huiita hali hii malaria kali. Bibi wa mtoto huiita degedege.

Majina hayo hayabebi maana moja. Tafiti zilizofanywa wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionesha kuwa homa ya malaria ilieleweka kuwa ugonjwa wa kawaida, unaotibika kwa dawa za hospitali au za dukani, ilhali degedege ilihusishwa na shetani anayekuja kwa umbo la ndege. Mwangwi wa neno ndege ndani ya jina lenyewe unaipa imani hiyo mashiko. Tiba ilianzia kwa mganga wa jadi: mtoto alifukizwa au kuogeshwa dawa za majani, na sindano iliogopwa kwa kudhaniwa kwamba ingemuua.

Ni rahisi kuuita mwenendo huu ujinga, lakini una mantiki yake. Degedege inayoletwa na joto kali la mwili kwa kawaida hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Mtoto aliyefukizwa akatulia ni ushahidi unaoonekana kwa macho. Vimelea vinavyoendelea kuzaliana katika damu yake havionekani. Isitoshe, hospitali haikukataliwa moja kwa moja: degedege ikishatulizwa, homa iliyobaki ilistahili kupelekwa kwa daktari. Tatizo lilikuwa katika mpangilio huo, kwani katika malaria kali saa chache zinatosha kumpoteza mtoto.

Kinachoongeza uzito wa jambo hili ni kwamba tiba inayookoa ni sindano hiyohiyo inayoogopwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010, likihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, lilionesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliodungwa atesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Atesuneti hudungwa kwa angalau saa 24 za mwanzo, kisha mgonjwa anayeweza kumeza hupewa dawa mseto ya siku tatu. Palipo mbali na hospitali, mtoto wa chini ya miaka sita huweza kuwekewa atesuneti kwa njia ya haja kubwa, kisha akapewa rufaa bila kukawia.

Upande wa kinga, athari ni ileile: mzazi anayejua kuwa chandarua chenye viuatilifu huzuia malaria hana sababu ya kutarajia kwamba kitamkinga mwanawe dhidi ya degedege, kama hakuambiwa hivyo kwa jina hilo.

Je, inatosha kutangaza kwamba degedege ni malaria? Haitoshi, kwa kuwa si sahihi kila mara. Uti wa mgongo, nimonia na maambukizi mengine yanayoleta joto kali huweza kusababisha hali hiyohiyo. Kosa la kuita kila homa malaria limekwishakuwapo, na ndilo lililolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lipendekeze kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Kauli inayofaa ni ya vitendo: degedege ni dalili ya hatari, mtoto apelekwe kituoni papo hapo, na kipimo kiseme chanzo chake.

Hata kauli hiyo itahitaji kutungwa upya kwa kila eneo. Katika pwani ya Kenya hali inayofanana na hii huitwa nyuni, neno ambalo nalo maana yake ni ndege, na mama wa Kilifi anayesema nyuni anaweza kulisoma bango la degedege asione kwamba linamhusu.