Ini na hesabu ya sumu: kasi ndiyo kipimo

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5, kama asilimia 2 ya mwili. Mtu akiwa ametulia, ini hupokea karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo: lita 1.5 kwa dakika, sawa na lita 2,160 kwa siku. Namba hiyo ni kubwa, ila damu yote mwilini ni kama lita 5 tu. Ni ileile inayozunguka, na sumu nyingi haziishi kwa mzunguko mmoja. Kinachoamua ni kasi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini.

Chukua pombe. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina alkoholi karibu gramu 20. Ini huvunja takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa nne ni gramu 80: saa 8 kwa mwenye kasi ya juu, zaidi ya 11 kwa mwenye kasi ya chini. Walioanza kunywa pamoja saa 4 usiku, mmoja atakuwa amemaliza saa 12 asubuhi. Mwenzake atasubiri hadi karibu saa 3 na nusu. Kahawa haipunguzi hata dakika.

Parasetamoli inatikisa dhana yenyewe kwamba ini husafisha tu. Kikomo cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, vidonge 8 vya miligramu 500. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo bila madhara, lakini asilimia 5 hadi 10, yaani miligramu 200 hadi 400, ini lenyewe huigeuza sumu kali. Sumu hiyo hunaswa na glutathioni, kemikali ya kinga iliyomo ndani ya seli. Sasa ongeza vidonge 4 vya mafua vyenye parasetamoli miligramu 500 kila kimoja: jumla ni gramu 6, asilimia 50 juu ya kikomo. Glutathioni ikipungua mno, seli za ini hufa.

Tuchukulie juisi ya "kusafisha ini" inauzwa shilingi 10,000 kwa chupa. Chupa moja kila siku, kwa wiki ni 70,000. Muulize muuzaji: inaondoa sumu gani, na gramu ngapi kwa saa? Asipotaja namba, hana cha kulinganisha na zile gramu 7. Kusoma viambato kwenye pakiti ya dawa ya mafua hakugharimu kitu, na kunaweza kuokoa ini lako.