Kila Kituo na Sigara Yake

Dereva wa tenki la mafuta havuti sigara ndani ya depo. Pale Kurasini ukifika getini unaacha kiberiti, unazima simu, unavaa buti na kofia ngumu, ndipo unaingia. Kupakia kunaweza kula nusu siku: kuna foleni, kuna karatasi, kuna kupanda juu ya tenki kupima, kuna kusubiri mtu wa kufunga sili. Nimekaa humo saa sita, saa saba, na kwa miaka yote niliyokuwa mvutaji sikumbuki kuhangaika. Nilipiga soga na madereva wenzangu, nilisinzia kwenye benchi. Nikishatoka getini tu, kabla sijaingiza gia ya tatu, macho yalikuwa yanatafuta pa kuegesha na mkono umeshafika kwenye mfuko wa shati.

Kama kilichokuwa kinanidai ni nikotini peke yake, kwa nini haikunidai depo? Moshi ukishavutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Kwa hesabu hiyo, kutwa nzima ndani ya uzio ilitakiwa kunitoa jasho.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv anaitwa Reuven Dar (ndilo jina lake, wala hana undugu na jiji letu) ambaye alilitazama jambo hili kwa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Angani hawaruhusiwi kuvuta. Yeye na wenzake wakawauliza hamu yao inavyokwenda katika safari fupi za Ulaya, za saa tatu hadi tano na nusu, kisha katika safari ndefu za Marekani, za saa kumi hadi kumi na tatu. Matokeo yalitoka mwaka 2010: hamu ilipanda ndege inapokaribia kutua, safari iwe fupi au ndefu. Mhudumu aliyekuwa karibu kushuka baada ya saa nne aliteseka kuliko mwenzake aliyekaa saa hizo hizo nne huku akijua bado ana bahari nzima ya kuvuka. Madereva wenzangu wanaofunga Ramadhani walishalijua hilo bila kupanda ndege. Saa nne asubuhi sigara haiwasumbui. Inaanza kuwasumbua jioni, harufu ya futari ikishatoka jikoni.

Sisemi kwamba nikotini ni kitu kidogo. Mimi niliacha gari likiwa gereji, tunasubiri spea, na namshukuru Mungu kwamba siku zile sikuwa na usukani mkononi. Arosto ya sigara huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki kadhaa. Usingizi ulikatika saa nane usiku, kichwa kikawa kizito, na hasira ikawa inatoka bila kuitwa. Mlango ukigongwa nilitamani kuung'oa. Mke wangu akawa anaongea na mimi kwa kumtuma mtoto: kamwambie baba yako chakula tayari. Kifua nacho, badala ya kutulia, kikaanza kukohoa zaidi, na jirani akanieleza kwa uhakika kabisa kwamba kuacha ndiko kulikoniumiza. Kumbe ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vya kusukuma uchafu nje, ambavyo moshi huvilaza; ukiacha, vinaamka na kuanza kufanya usafi uliolala kwa miaka. Kikohozi kile ni uchafu unaotoka.

Binti yangu, ambaye ni mfamasia, aliniagizia jojo ya nikotini. Nilianza kuitafuna kama Big G, mate yakawaka, tumbo likachafuka, kwikwi haziishi. "Baba, hiyo haitafunwi hivyo," akaniambia kwenye simu. "Tafuna kidogo mpaka uone inachoma, kisha ibanze shavuni." Akaniambia pia nisinywe kahawa nikiwa nayo mdomoni, kwa sababu kinywaji chenye asidi huizuia dawa kupenya kwenye kuta za mdomo. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za aina hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Hata hivyo duka la dawa la kwanza nililoulizia mwenyewe lilinipa pipi za koo.

Wiki chache baadaye gari likatoka gereji. Damu ilikuwa imeshatulia. Nilichokuwa sijakigusa ni barabara.

Kwenye kabini ya tenki pia ni marufuku kuvuta, kwa hiyo sigara zangu zote zilikuwa za kushuka. Naegesha, natembea mbali na gari, nawasha. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kila mahali nilipozoea kushuka palikuwa na sigara yangu: mizani ya Vigwaza, Chalinze kwa mama ntilie, Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, Makambako kwenye baridi, halafu Tunduma kwenyewe, ambako foleni ya mpakani inaweza kukulaza hapo. Ubongo ulikuwa umejifunza mahali hapo pamoja na moshi. Wataalamu wanasema dawa ya hilo ni kulipitia tukio lile lile mara nyingi bila sigara, mpaka ubongo uache kuitarajia. Wasichokuambia ni kwamba kila tukio linahesabiwa peke yake. Ushindi wa Chalinze haukunisaidia chochote Makambako.

Mikumi haikuwa na shida hata kidogo. Barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na huko hushuki, unapita taratibu ukiwaangalia twiga. Ilikuwa depo nyingine.

Ruaha Mbuyuni ndiyo iliyonitoa jasho. Pale, kati ya mibuyu na mafungu ya vitunguu, utingo hushika nyundo na kuzunguka gari akigonga matairi, anasikiliza mlio: lenye upepo linaruka, lililopungua linajibu kizito. Hiyo ilikuwa sigara yangu nzima, kutoka tairi la kwanza la mbele hadi la mwisho la trela. Safari ya kwanza bila moshi nilisimama pale mikono ikining'inia, sijui niitie wapi. Nikamnyang'anya nyundo.

"Mzee, kwani sizigongi vizuri?" utingo akaniuliza, amenuna.

"Unazigonga vizuri sana. Nipe tu."

Tangu siku hiyo matairi ya Ruaha nayagonga mimi, yeye ananunua vitunguu vya kwao.

Chalinze ilikuwa suala la kahawa, na hapa nilijifunza jambo ambalo ningependa kila mvutaji aambiwe kabla ya kuacha. Moshi wa tumbaku huliamsha ini lifanye kazi ya kuivunja kafeini haraka kuliko kawaida. Si nikotini inayofanya hivyo, ni vitu vingine vilivyomo kwenye moshi wenyewe, kwa hiyo jojo ya nikotini haisaidii hapo. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa polepole, na vikombe vile vile ulivyozoea vinakuachia kafeini maradufu hivi kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi hauji, nawe unaamini ni sigara inakuita. Mimi niliyakuta hayo pale Chalinze, kikombe cha tatu kikiwa mkononi, na nusu nimwite muuza sigara. Nilipopunguza kahawa kwa nusu, robo tatu ya "arosto" ikaondoka nayo.

Makambako kuna kijana wa usiku, anatembea na kasha lake la sigara, pipi na karanga, koti limemfika magotini. Alikuwa analijua gari kwa mlio. Nikishuka tu, alikuwa ameshachomoa moja na kiberiti kimeshika moto, kwani kwenye upepo ule wa Makambako kuwasha mwenyewe ni kazi.

"Shikamoo mzee. Moto huu hapa."

"Marahaba. Nipe karanga."

"Za kuvutia?"

"Karanga tu, mwanangu."

Aliushikilia ule moto kidogo, akanitazama, kisha akauzima. Siwezi kumlaumu, ile ndiyo biashara yake, na sigara ya moja moja ndiyo inayomlipia chumba. Siku hizi nanunua karanga nyingi kuliko ninazoweza kula, na mwili umejaa. Wanaoacha huongezeka kilo nne au tano hivi mwaka wa kwanza. Suruali zangu zinathibitisha.

Yule binti mfamasia ndiye aliyenieleza habari za madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa na Richard Doll na wenzake tangu mwaka 1951, kwa miaka 50. Taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba wavutaji walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote, aliyeacha na 50 alirudisha 6 hivi, na hata wa 60 alipata 3. Mimi hamsini nimeshaivuka kidogo. Mitano naichukua, sitaki ubishi.

Tunduma nako nimeshapazoea. Tunacheza drafti kwa visoda chini ya trela la mzigo mkavu, na anayefungwa ndiye anayekwenda kuulizia foleni imefika wapi. Vijana wanavuta, mimi nakaa upande unakotoka upepo.

Sasa bosi amesema mwezi ujao kuna mzigo wa Lubumbashi. Huko sijafika tangu niache, na pale Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo, nakumbuka vizuri kabisa ukuta niliokuwa naegemea nikivuta, na mama aliyekuwa ananiuzia. Ukuta huo bado haujaambiwa. Nimeshamtuma utingo anunue karanga, debe zima.