Mkunga hana hasira, anapumua tu

USITUKANE wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga. Lakini leo, msomaji, hatumzungumzii mkunga wa kuzalisha akina mama, bali somo yake wa baharini: yule samaki mrefu mithili ya nyoka, ambaye naye hutukanwa usiku na mchana.

Iwapo umewahi kuogelea kwa miwani juu ya matumbawe ya Watamu au Malindi, yamkini umemwona. Kichwa kimechomoza tunduni, meno makali yako nje, na mdomo unafunguka na kufungika kana kwamba anakutisha. La hasha! Mkunga anapumua. Matundu ya matamvua yake ni madogo mno, kwa hivyo hulazimika kuyasukuma maji kwa mdomo ili apate hewa.

Mkunga si nyoka. Ni samaki asiye na magamba wala mapezi ya kifuani, na ngozi yake hufunikwa na ute. Kuna aina zipatazo 200. Aliye mkubwa zaidi katika pwani yetu anaweza kufikia mita 3 na uzani wa kilo 30.

Je, mbona basi huuma watu? Sababu ni kwamba macho yake ni hafifu na hutegemea zaidi pua. Mvuvi wa pweza anayetia mkono tunduni maji yakipwa, huku vidole vikinuka samaki, amejipeleka mwenyewe. Hali kadhalika mzamiaji anayemlisha kwa mkono ili apigwe picha. Wako waliopoteza vidole gumba kwa mchezo huo, kwa maana mkunga hakujua chakula kiliishia wapi na kidole kilianzia wapi.

Tena akishika, ameshika. Mnamo 2007, watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kwamba mkunga ana taya za pili kooni. Samaki wengi hupanua mdomo na kuvuta windo pamoja na maji. Mkunga, anayewinda katika mianya myembamba, huuma kwa taya za mbele, kisha zile za kooni huja mbele, hunasa windo na kuliburura hadi ndani.

Hata hivyo, ana marafiki. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza jinsi chewa wa Bahari ya Shamu anavyomwendea mkunga tunduni na kutikisa kichwa kumwalika mawindoni. Mkunga hupenya mianyani, chewa hungoja nje. Samaki anayemkimbia mmoja huangukia mdomoni mwa mwingine.

Je, anafugika? Naam, lakini si kila mkunga. Anayefaa zaidi katika tangi la kioo ni yule mdogo mwenye madoa meusi na ya manjano juu ya ngozi nyeupe, anayependa kula kaa. Mpe maji ya chumvi yasiyopungua lita 250, na mawe yenye matundu ya kujificha. Funika tangi barabara, la sivyo asubuhi utamkuta sakafuni, amekauka. Mlishe mara mbili au tatu kwa wiki kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole. Usimweke na kaa wala kamba, maana hao ni kitoweo chake.

Yule mwembamba kama utepe, mwenye rangi ya samawati na manjano, muache baharini. Ni mzuri ajabu, lakini wengi wa aina hiyo hukataa kula kifungoni na kufa kwa njaa. Na usisahau kwamba Malindi na Watamu ni mbuga za baharini tangu 1968, na kuvua humo ni marufuku.

Basi, msomaji, siku utakapokutana na mdomo ule ulio wazi, usimrushie jiwe wala usimpe mkate. Mtazame kwa mbali, weka mikono yako kwako, naye atabaki kwake.