Kasongo: wali wa pwani, mchuzi wa msitu

Mtu wa Tanga au Mombasa akiketi kula Kasongo, mji ulio kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo (DRC), anaweza kudhani yuko kwao. Kiswahili kimemzunguka, mwadhini anaita, sahani imejaa wali mweupe. Akionja ndipo anapojua kuwa kasafiri. Mchuzi hauna tui, umeungwa kwa mawese, na kando yake kuna sombe, majani ya muhogo ambayo kwao huitwa kisamvu. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 mashariki, lakini michikichi iko jirani.

Wali huo ulifuata misafara ya karne ya 19. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, aliifanya Kasongo makao makuu ya biashara yake ya pembe na watumwa. Yeye na wangwana wake, watu wa pwani waliofuatana naye, hawakutaka kuyaacha mapishi ya kwao pwani, kwa hiyo mpunga na miwa vikalimwa, na michungwa, mipera na mikomamanga ikapandwa. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa na jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis lililoiteka Kasongo kutoka kwa Waarabu Aprili 1893, aliandika kuwa alikwenda saa moja na nusu juu ya kipando bila kutoka katika shamba moja la mpunga.

Shamba kubwa namna hiyo halilimwi na mabwana. Jasho lilikuwa la mateka. Wabelgiji nao walipotawala hawakuwaacha wakulima wapumue: kuanzia 1917 sheria ya mazao ya lazima iliwabana walime pamba, na mpunga pia, watake wasitake. Kwa hiyo anayeuita wali wa Kasongo chakula cha Waarabu anamsifu aliyeleta mbegu na kumsahau aliyeshika jembe. Waarabu walishindwa, Wabelgiji wakaondoka, mpunga ukabaki kwa wakulima. Nao wakaupikia mboga wanazozipenda wenyewe.

Ya kwanza ni sombe. Majani machanga hutwangwa kinuni, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, kwa sababu mabichi yana sumu. Yakishaiva hutiwa mawese, kitunguu na pilipili, na mpishi mwenye uwezo huongeza karanga au samaki wa moshi kutoka mto Lualaba, ambako Wagenya ni wavuvi wa jadi. Sombe haipikwi kwa haraka. Muhogo wenyewe hutaka subira pia: hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, kisha husagwa au kutwangwa upate unga wa bugali, yaani ugali. Kazi ya kuchovya mchuzi ni ya bugali, na wali ukiwepo hugawana nao.

Ukishika njia ya mashariki kwenda Kabambare, nchi ya Wabangubangu, unalikaribia ziwa Tanganyika, na dagaa wakavu, wanaoitwa ndakala, huingia chunguni. Huko Kabambare ndiko mvumbuzi Livingstone alikokwama mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu, miezi kadhaa, kabla ya kuufikia mto Lualaba pale Nyangwe mwaka uliofuata. Alichokisimulia sana Nyangwe ni soko lake: maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakibadilishana samaki, muhogo na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliwafyatulia risasi sokoni humo, wakaua mamia.

Msafiri wa leo akilijua hilo, ataliangalia soko la chakula kwa heshima zaidi, maana bado ni la akina mama. Mambo machache yatamsaidia. Aulize kwanza hali ya usalama, hasa upande wa Salamabila. Asipange safari ya mvua kwa saa za kiangazi, kwani barabara huharibika. Amwagize mpishi sombe asubuhi ikiwa anataka kuila mchana. Na asiombe aletewe chakula "cha wageni", kwa sababu atapewa kitu ambacho mpishi hakipiki kwa moyo.

Akishiba, asiseme kuwa wali umemkumbusha pwani. Hiyo ni sifa ya watu wengine. Aisifu sombe, kisha aombe aongezewe.