Tempe jikoni Changamwe: Joto tunalo bure, ila weka machicha kando

Kuchachusha si jambo geni Pwani. Mnazi mtamu wa asubuhi, jioni ushakuwa mkali, na maziwa lala kila mtu anayajua. Sasa jaribu kuchachusha soya ndani ya chumba kimoja cha Chaani au Magongo, ndipo utajua kazi iko wapi.

Chakula chenyewe ni tempe, asili yake kisiwa cha Java, Indonesia. Soya hulowekwa usiku kucha, humenywa maganda, huchemshwa, huachwa ipoe na kukauka maji, kisha hutiwa hamira ya ukungu uitwao Rhizopus. Baada ya saa 24 hadi 48, ukungu mweupe huwa umezishikanisha punje zote, unapata kipande cha kukata na kukaanga kama samaki. Kwa kijana anayehesabu shilingi si haba: zaidi ya thuluthi moja ya uzito wa soya kavu ni protini.

Shida ya kwanza ni hamira. Ile ya mahamri haifai. Ya tempe itabidi uagize mtandaoni. Ya pili ni maji. Kuloweka, kumenya na kusuuza kunamaliza mtungi, na mifereji ikikauka, mtungi ni pesa.

Ya tatu ni joto, na hapa ndipo wengi huteleza. Ukungu huu hupenda nyuzi 30 hivi, ambazo sisi tunazo bure. Lakini ukishashika kasi hutoa joto lake wenyewe. Msimu wa kaskazi, chini ya mabati, hujiunguza ukafa, bakteria wakachukua nafasi, na harufu ikawafikia majirani wote. Basi funga vipande vyembamba, usivirundike, viweke sakafuni penye hewa. Huko Java wengi hutumia mifuko ya plastiki iliyotobolewa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, kwa hivyo tafuta majani ya mgomba. Nayo ni ya asili hukohuko.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mpwani akiona chakula hufikiria nazi, lakini usichanganye soya na machicha. Java kulikuwa na tempe ya machicha iitwayo bongkrek. Iliua watu wengi, hadi Indonesia ikaipiga marufuku mwaka 1988. Kuna bakteria ambaye akiingia humo hutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha, na kupika hakuiondoi. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyopatikana katika pombe ya nafaka iliyoua watu 75 huko Chitima, Msumbiji, Januari 2015. Tui lako litie kwenye mchuzi, tempe ikishaiva.

Utajuaje imefaulu? Iwe nyeupe, imeshikana, inanukia kama uyoga. Madoa meusi kidogo si neno. Ukiona rangi ya waridi, utelezi au harufu ya mkojo, tupa. Inauma, hasa mwisho wa mwezi, lakini tupa tu.